Pampu Mbili za Mwalimu Nafula

Nilibadilisha pampu mara mbili.
Acha niseme mwenyewe kabla hajasema mwingine:
ya kwanza mwezi wa tano, ya pili wiki tatu baadaye,
zote mpya, zote kwa pesa za Mwalimu Nafula,
na gari likaendelea kuzima pale pale,
mlima wa Kangemi, likipandisha,
kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma.

Mara ya tatu lilivutwa kwa kamba
mpaka hapa Kariobangi, gari refu la kijivu,
kati ya wachomeleaji wa mageti na wafua sufuria.
Mwalimu hakugomba. Aliketi juu ya tairi,
akatoa kalamu nyekundu na rundo la insha.
"Mgema," akasema bila kuinua macho,
"ulisifiwa mno."

Kerubo ana miezi minne kwangu.
Spana ya kumi na saba bado inamteleza.
"Fundi, tuisikilize kwanza."
Nikacheka. Miaka ishirini na sita kwenye grisi,
nisikilize nini?
Akafungua mdomo wa tangi, akatega sikio
kama mkunga. "Washa."

Pampu nzima huguna, sekunde mbili hivi,
mguno wa mtoto anayekubali kutumwa dukani.
Hii ilinyamaza.
Akaipa umeme wa betri moja kwa moja, kwa waya mbili.
Ikaguna.
Haikuwa bubu. Haikuwa imeambiwa kitu.

Nani basi humwambia?
Alilala chali juu ya katoni, tochi mdomoni,
akatambaa hadi panapokaa gurudumu la akiba,
akakaa huko mpaka nikaona soksi zake haziwiani.
Kisha mkono ukatoka na kijisanduku cha alumini,
kadiri ya kipande cha sabuni,
kilichokazwa kwenye fremu bila hata uwazi wa kucha,
alumini juu ya chuma, masika kumi na moja,
tope la Nairobi likikiramba.
Mgongo ulikuwa umetoboka.
Nikaugusa. Unga mweupe ulibaki kidoleni
kama chaki.

Kazi yake ni kugawa:
huyu yuko tambarare, mpe kidogo;
huyu yuko mlimani, ongeza.
Karani tu. Na karani alikuwa ameoza ofisini
nami nafukuza matarishi.

Kerubo hakusema neno. Ningependa angesema.
Alikwenda chini ya meza yangu, akazitoa pampu za zamani,
ile iliyokuja na gari, na ile ya mwezi wa tano,
akazipanga juu ya gunia, akazigusisha umeme.
Zikaguna. Moja, halafu ya pili,
mbele ya Mwalimu, mbele ya wafua sufuria
ambao siku hiyo, sijui kwa nini, walikuwa wameacha kugonga.

Barabara ya Kirinyaga nilikwenda mwenyewe.
Gachoka aliuliza, "Mtumba ama mpya?"
Nikasema mpya. Akaniangalia mara mbili.
Elfu kumi na nne, mfukoni mwangu.

Tulikata vipande vya mpira kutoka kandambili iliyokatika,
tukaviweka chini ya nati, hewa ipite,
chuma na alumini visilaliane tena.
Nikazungusha ufunguo.
Mguno.
Sijawahi kuona haya kwa sauti ndogo hivyo.

Mwalimu aliomba risiti zangu mbili za zamani.
Akaandika juu ya kila moja, kwa wino mwekundu, *Rudia*,
akanirudishia, akaondoka.
Saa kumi na mbili simu ikalia: amefika Kangemi,
amepita Kangemi, yuko Kinoo ananunua viazi.
Deni nalipa kila Ijumaa, mia tano, mia tano.

Jana imekuja nyingine, nyeupe, inakohoa.
Nimefungua mdomo nikisema, "Hii ni pam—"
Kerubo ameshika kifuniko cha tangi.
Ananitazama.
Nimefunga mdomo. Nimeshika ufunguo.